Wimbo wa Kuchongwa Juu ya Kaburi

Jumamosi, katikati ya Julai. Ukungu haukupanda leo hata kidogo. Tangu asubuhi umelala juu ya michai kama ng'ombe mzee aliyekataa kuinuliwa, na manyunyu yanashuka, yale ya baridi ambayo hayamlowanishi mtu mara moja bali humwingia polepole mpaka kwenye mifupa. Nimerudi Nkubu kutoka Laare saa ya chai ya mchana. Viatu vyangu viko karibu na jiko, vinatoa mvuke.

Nataka kuandika habari ya bendi yetu. Nasema yetu, ingawa sikuwahi kupiga chombo chochote ndani yake na hakuna siku waliyoniita mwenzao. Mimi ni fundi wa nguo. Nilisoma mpaka darasa la saba, na Kiswahili changu ni cha shule ya msingi na cha sokoni. Nyumbani tunazungumza Kimeru cha mke wangu na Kiembu changu vimechanganyika kama mahindi na maharagwe. Kwa hivyo sijui kama nitaandika vizuri. Nitajaribu kuandika nilichokiona, na pale ambapo sikuona nitasema sikuona.

Walikuwa wanne, lakini wawili wanatosha kwa habari hii. Nikisema mwimbaji, ni yule wa Laare, aliyekufa mwaka jana. Nikisema mpiga gita, ni jirani yangu wa hapa Nkubu, ambaye yuko hai na shamba lake la kahawa linapakana na letu. Mpiga besi aliokoka akaacha mambo ya dunia, na mpiga ngoma alihamia Mombasa akapotelea huko.

Nilikutana nao Embu. Nilikuwa kijana, najifunza kushona kwenye kibanda karibu na soko, wakaja kutaka suruali nne zinazofanana, pana chini, zenye kubana juu. Bwana mkubwa wangu alizikataa. Alisema yeye hashoni suruali za kufagia barabara. Nikazishona mimi, baada ya kazi, na mwimbaji alipovaa yake akacheka akasema, "Huyu kijana wa Embu amenishonea hema." Lakini aliivaa. Jumamosi hiyo wakapiga kwenye ukumbi wa mji, wakanipitisha mlangoni bila tikiti kwa sababu ya suruali.

Sikuwa nimesikia roki ya watu weupe wala ya watu weusi. Nilikuwa nimesikia redio ya jirani na kwaya ya kanisa. Mpiga gita alipogusa waya wa kwanza, ile sauti ilinifika kifuani kabla haijafika masikioni. Ilikuwa kama mtu amepiga geti la mabati kwa jiwe, kisha lile geti likaanza kuimba. Halafu mwimbaji akavuta pumzi. Hilo nalikumbuka kuliko wimbo wenyewe. Kabla ya kuimba alikuwa akivuta pumzi ndefu karibu kabisa na maikrofoni, kwa hivyo ukumbi mzima ulisikia pumzi ikiingia ndani yake, na sisi wote bila kujua tulivuta pamoja naye. Ndipo akaimba, kwa Kimeru, na sote watu wa Embu tukaelewa vya kutosha.

Baada ya hapo niliwafuata. Chuka, Runyenjes, Meru mjini, Maua. Watu husema nilihamia Nkubu kwa sababu ya bendi. Mke wangu husema nilihamia kwa sababu yake. Nimelifikiria jambo hilo kwa haki na naona kila upande una sehemu yake, ingawa mbele ya mke wangu husema upande mmoja tu.

Sitawasifu kupita kiasi. Kaseti yao ya kwanza ilikuwa nzuri sana, ya pili ilikuwa nzuri, ya tatu ilikuwa mbaya. Naandika hivyo bila chuki. Walikuwa wamesikia kwamba watu wanataka kinanda, wakaweka kinanda, na gita likasikika kama mtu anayeongea ndani ya gunia. Kisha ikaja miaka ya mikutano ya siasa. Walivaa mashati ya rangi ya chama, wakaimba jina la mheshimiwa kwa nyimbo zilezile tulizolilia. Mashati yale niliyashona mimi. Niliona haya, lakini walikuwa na watoto wa kulisha na mimi pia, na mtu aliyechukua kazi ya kushona hawezi kumcheka aliyechukua kazi ya kuimba. Kisha ikaja miaka ya kimya, mtu mmoja na kinanda chake akachukua baa zote. Kisha vijana wakazipata zile nyimbo za kwanza kwenye simu, sijui nani aliziweka, na wazee wangu wakaanza kuitwa tena, wenye mvi, wameketi kwenye viti.

Wimbo waliokuwa wakiitishwa kuliko wote ni ule wa mlango. Kwa Kiswahili maneno yake yangekuwa hivi: msifunge mlango, mmoja hajafika. Ni hayo tu yanayorudiwa. Katikati kuna beti mbili, moja ya mvua na moja ya kuku. Ukiyasoma hivi ni maneno madogo. Lakini nimeona madereva wa lori wamesimama wima kwenye baa ya Maua, kofia mkononi, wakiyaimba kana kwamba wako kanisani.

Mwimbaji aliugua koo, kisha mapafu, akarudi kwao Laare, akafa. Miezi michache baadaye mpiga gita aliitwa kupiga kwenye harambee hapa Nkubu. Alikuja na vijana wawili wa kumsaidia. Akaweka maikrofoni ya mwimbaji mahali pake, mbele katikati, bila mtu. Nilidhani kuna kijana atatokea. Hakutokea yeyote. Alipoanza wimbo wa mlango watu wakasimama, wakaielekea ile maikrofoni iliyosimama peke yake, na ilipofika pale pa kuanza kuimba, nilisikia pumzi.

Nimejiuliza mara nyingi. Watu walikuwa wengi, na watu wengi wakivuta pumzi pamoja hutoa sauti, na maikrofoni ilikuwa imewashwa. Hayo ndiyo maelezo yangu. Lakini mke wangu alinishika mkono bila kunitazama. Yeye si mtu wa kushika mkono hadharani, na hatujawahi kulizungumza. Tangu siku hiyo, nikiwa kwenye cherehani na nyumba iko kimya, wakati mwingine nasikia mtu anajiandaa kuimba nyuma yangu.

Sasa jambo lenyewe.

Wiki iliyopita alikuja kaka yake mwimbaji kutoka Laare, mzee mrefu, mkulima wa miraa, na mzee mwenzake. Niliwakaribisha ndani. Kabla hajaketi vizuri akaweka mezani furushi la miraa lililofungwa kwa majani mabichi ya mgomba, limekazwa kwa kamba ya mgomba, zuri sana, vijiti vimenyooka vyote sawa kama vimepimwa kwa rula.

Naomba mtu wa Meru asinicheke. Kwetu Embu tunatafuna muguka. Unanunua majani kwenye karatasi, unatafuna, unatupa karatasi, basi, hakuna mtu anayekuuliza kitu. Nimeishi huku miaka mingi lakini nilioa kwa njia ya haraka, mahari tukailipa kwa mbuzi na blanketi, na wazee wa mke wangu walikuwa watu wa kanisa waliokataa mambo ya miraa. Kwa hivyo niliona furushi, nikaona wageni wametoka mbali, nikaona ni zawadi. Nikasema asante. Nikalifungua. Nikachukua kijiti nikaanza kumenya kwa meno.

Mzee wa Laare akakitazama kijiti.

"Mkwe wetu," akasema. Huniita hivyo kwa sababu nimeoa Mmeru. "Umefungua."

"Nimefungua, mzee. Ni tamu sana."

"Umefungua kabla sijasema neno."

"Ningoje nini na ni mbichi hivi?"

Akamgeukia mwenzake. "Unaona? Na watu husema watu wa Embu ni wagumu." Kisha akanigeukia mimi. "Basi maneno yamekuwa mafupi. Tunajenga kaburi la ndugu yangu. Jiwe litawekwa Agosti. Tunataka liandikwe: msifunge mlango, mmoja hajafika. Na chini yake, kwamba yeye ndiye mwenye wimbo. Kuna mtu hapa Nkubu anasema wimbo si wa ndugu yangu. Wewe ulikuwapo tangu mwanzo, kila mtu anajua. Utakuja nyumbani, utasimama na sisi, utasema ni wake."

Mke wangu aliingia na chai wakati huo. Aliona majani ya mgomba yamefunguliwa mezani, akaona kijiti mdomoni mwangu. Aliweka chai chini polepole sana. Alingoja mpaka wageni wafike kwenye geti.

"Wewe," akasema. "Hiyo ni nchoolo."

"Ni miraa."

"Ni nchoolo. Hiyo ndiyo wanapeleka kuomba msichana. Ndiyo wanapeleka kuomba neno kubwa. Ukifungua umekubali. Sasa wewe umekubali hata kabla ya kuombwa. Wangekuja kuniomba mimi niolewe tena, ungekuwa umenitoa na kikombe cha chai juu."

Nilicheka, yeye hakucheka. Nikamuuliza mtu aliyekubali kwa kutojua anafanya nini. Akasema kwao mtu kama huyo hawezi kutuma salamu wala kupiga simu. Lazima abebe furushi lake mwenyewe, aende kwa waliomwomba, aliweke mezani na aseme neno lake. Wakilifungua, wamelipokea neno. Wasipolifungua, umebaki nalo, na ubaya umebaki nawe. Hivyo ndivyo mke wangu alivyofundishwa na nyanya yake. Sijui kama kila mahali ni hivyo.

Jioni hiyohiyo nilipita kwa jirani yangu mpiga gita. Alikuwa anakamua ng'ombe wake kwa vidole viwili na kiganja, maana vidole vingine vimekakamaa, na ndiyo sababu siku hizi hupiga gita polepole hata watu wakidhani ni mtindo mpya. Alikuwa ameshasikia.

"Umekula mahari yangu," akasema bila kugeuka.

"Sikujua."

"Nimeambiwa. Nchi nzima inacheka." Akakamua kidogo. "Mimi sicheki. Nikueleze kitu. Mimi sitaki wimbo wangu uandikwe wangu mahali popote. Hata kwenye kaseti uliandikwa bendi, sikusema kitu. Watu wakisema ni wake, mimi hunyamaza. Aliuimba vizuri. Lakini jiwe ni jiwe. Wakiandika pale kwamba ni wake, basi yule mtoto wangu hakuwahi kuwa."

Hapo lazima nieleze. Mpiga gita alikuwa na msichana, kifungua mimba, aliyekufa kwa homa akiwa bado mdogo wa kutumwa dukani. Nilikuwa nimehamia Nkubu karibuni. Siku chache baada ya mazishi nilikwenda nyumbani kwake kumpima suruali, maana bendi ilikuwa na safari na sikujua namna ya kuahirisha. Mlango wa nyumba ulikuwa wazi, umezuiwa kwa jiwe lisiuache ujifunge. Mvua ilikuwa inaingia. Kuku walikuwa ndani, wamepanda juu ya meza. Mke wake alikuwa ameketi anautazama mlango, na nilipotaka kulisogeza jiwe akaniambia niliache. Mpiga gita alikuwa chumba cha pili, anapiga gita bila stima, lile gita la stima ambalo bila waya linatoa sauti ndogo kama ya panzi. Ndio ule wimbo. Niliusikia pale kabla ya mtu yeyote nje ya nyumba hiyo. Huyo mama naye alishafariki, miaka mingi sasa.

Kwa hivyo nilidhani kazi yangu ni rahisi. Nitakwenda Laare niseme wimbo ni wa mpiga gita, na maneno pia. Lakini nilipolala nikaanza kujiuliza: maneno niliyasikia siku ile? Nilisikia gita. Je, alikuwa anaimba? Nikikumbuka sasa, anaimba. Namsikia kabisa anasema msifunge mlango. Lakini nikisikiliza vizuri, sauti ninayoisikia katika kumbukumbu hiyo si yake. Ni ya mwimbaji, ambaye siku hiyo hakuwapo. Nimeusikia ule wimbo mara nyingi mno kwa sauti ya marehemu, hata imeingia kwenye nyumba ya watu ikaketi kwenye kumbukumbu yangu kama mwenyeji.

Siku iliyofuata nikatoa kaseti niliyorekodi mwenyewe siku ya kwanza wimbo ulipopigwa Embu. Nilitarajia labda mmoja wao alisema kitu kabla ya kuanza. Nikaizungusha kwa kalamu, nikaiweka kwenye redio ya zamani. Kelele za ukumbi, mtu anakohoa, mtu anaitisha soda. Kisha ile pumzi, karibu sana, kama ameinama kwenye bega langu. Kisha wimbo. Hakuna aliyesema ni wa nani. Nikairudisha nyuma, nikasikiliza pumzi tena, na tena, mpaka mke wangu akasema kutoka jikoni, "Huyo mtu mwache apumzike."

Nikamuuliza mpiga gita moja kwa moja. Maneno ulitunga wewe? Akasema, "Mlango ulikuwa wangu. Mtoto alikuwa wangu. Nani atatunga maneno ya mlango wangu?" Hilo si jibu, na anajua si jibu, na mimi nilijua nikimbana nitamuumiza. Sikumbana. Labda nilikosea hapo.

Basi leo asubuhi nilikwenda Laare. Ndugu wa mke wangu alikuwa ameniandalia furushi langu, akanikabidhi sokoni, akanionya nisilishike kama mboga. Wanunuzi wa miraa walikuwa wanapita na pikipiki kwenye ukungu, huoni mtu, unaona taa tu na unasikia honi. Nilifika nyumbani kwa marehemu. Kaka yake alikuwa mlangoni, na nyuma ya nyumba, kati ya miti ya miraa, niliona kaburi limejengwa kwa saruji, bado halina jiwe.

Nikaweka furushi mezani. Akalitazama.

"Mkwe, sasa wewe ndiye unakuja kuomba?"

"Nimekuja kurudisha. Nilifungua lile lenu kwa ujinga."

"Ujinga wa Embu ama wako?"

"Wangu. Embu hawahusiki."

Alicheka kidogo, akaketi. Nikamwambia niliyoyaona, yote: suruali, mlango, jiwe, kuku, mama, gita bila stima. Nikamwambia kwamba wimbo ulitoka katika nyumba ile, hilo naweza kusema hata mbele ya askofu. Nikamwambia kwamba maneno sikuyasikia yakizaliwa, kwa hivyo siwezi kusimama na wao, na siwezi kusimama na mpiga gita pia. Na nikamwambia kwamba bila koo la ndugu yake ule wimbo ungebaki chumba cha pili na kuku. Hilo pia ni kweli na nisingependa lisahaulike.

Alilisogeza furushi pembeni. Nilidhani amekasirika. Kisha akauliza, "Huyo mtoto alikuwa anaitwaje?"

Nikamwambia jina. Alikuwa amepewa jina la mama mzazi wa mpiga gita, kama kawaida ya wazaliwa wa kwanza.

Mzee akaweka kiganja mezani. Akasema ndugu yake alipokuwa anaelekea mwisho, alikataa mlango wa chumba ufungwe, hata usiku wa baridi. Walidhani ni pumzi, anataka hewa. Lakini alikuwa anamwuliza kila anayeingia kama yule msichana amefika. Walimwuliza msichana gani, kwa sababu mabinti zake wote ni watu wazima na walikuwa wamezunguka kitanda. Akataja jina. Hakuna mtu wa jina hilo katika ukoo wao. "Tukasema ni homa," mzee akasema. "Mke wake alidhani ni mwanamke wa nje, mtoto wa nje. Amebeba hilo mpaka leo, hajamwambia mtu ila mimi."

Akainuka akaenda nje, nikamsikia anaongea na mjane nyuma ya nyumba. Sikusikia maneno. Nilisikia tu mjane akiuliza kitu, mzee akijibu, kisha mjane akaanza kulia kwa sauti ya chini, kilio cha mtu anayetua mzigo.

Aliporudi alilifungua furushi. Alifungua polepole, akanipa kijiti cha kwanza. Akasema, "Jiwe litaandikwa jina lake tu. Na mwambie yule mzee wa Nkubu aje siku hiyo na gita lake. Hatukuwa tunajua tumeketi na mtoto wake."

Lazima niwe mwadilifu. Sikuwapo wakati mwimbaji akifa. Inawezekana mzee aliongeza jina kwa sababu mimi nilikuwa nimeshalitaja, kama mimi nilivyoongeza maneno kwenye chumba cha pili. Inawezekana alitaka amani tu. Lakini alikuwa ametikisika, na mjane alilia, na mtu hamtungii shemeji yake uongo wa namna hiyo ili kumfurahisha fundi wa nguo.

Niliporudi, mpiga gita alikuwa ananingoja hapa nyumbani, ameketi kwenye kiti changu cha kushonea, hajavua koti. Mke wangu alikuwa amemwekea makaa karibu ya miguu.

"Niambie," akasema.

Nikamwambia. Nilipofika pale mwimbaji alipokuwa akiuliza kama msichana amefika, akaniinulia mkono nisite kwanza.

"Alimwulizia kwa jina?"

"Kwa jina. Ndivyo kaka yake alivyosema."

"Jina lote?"

"Lote."

Alitazama vidole vyake. Nje manyunyu yalikuwa yameanza kuwa mvua. Akaanza kuongea, sauti ya kawaida kabisa, kama mtu anayeeleza bei ya kahawa. Akasema siku ile nilipokuwa nikipima suruali alikuwa na maneno ya mlango tu. Beti hakuwa nazo. Kila alipojaribu kuendelea alirudia mlango uleule. Mwimbaji alikuja jioni yake kuhani msiba, akaketi na yule mama sakafuni, kuku wakipita juu ya miguu yao, wakaongea habari ya mtoto mpaka giza likaingia: alipenda nini, alikataa kula nini, alikuwa akimwita kuku gani kwa jina. Akarudi siku ya pili na beti mbili. Ya mvua na ya kuku.

"Nikamwambia auimbe yeye," akasema. "Mimi siwezi kuuimba. Hata leo siwezi. Unajua sijawahi kuuimba? Hata bafuni."

Sikuwa najua. Nimewafuata miaka yote hiyo, nikijiona mjuzi wao mkubwa, na sikuwahi kuona kwamba kwenye wimbo huo mdomo wake haukufunguka hata kwenye kiitikio.

"Ungeniambia nilipouliza," nikasema.

"Ungekwenda ukasema nusu ni wake, wangeandika wote. Mimi najua watu wa miraa."

"Wamesema uende Agosti na gita."

"Nimesikia." Akavua koti hatimaye, akampa mke wangu. "Sasa nani ataimba?"

Mke wangu akalitundika koti karibu na jiko. Nikisema ukweli wote, naogopa kidogo Agosti, kwa sababu ya ile pumzi ya mwanzo, kabla ya neno la kwanza, na ile miti ya miraa imesimama kimya kandokando. Lakini nitakwenda. Mke wangu amesema naye atakwenda, ana neno la kumwambia mjane.

Mpiga gita hakurudi kwake jioni hii. Tulikula mukimo wa ndizi zilizopondwa na majani ya malenge, na nduma zilizobaki za jana, na maziwa aliyoyaleta mwenyewe. Alikula sahani moja, mke wangu akamwongeza bila kumwuliza, akaimaliza na hiyo.